Kabla Hujashika Bunduki ya Nayef

Mutua mwanangu,

Ikama yako ninayo mimi. Acha kupekua godoro, na acha kumsumbua mlinzi wa getini kwamba labda ameiokota. Niliitoa kwenye suruali yako jana ulipokuwa unaoga, nikaitia katika mfuko wa shati langu. Tangu hapo kila nikiinama lazima nijishike kifua isidondoke mbele ya watu.

Nilijua unachokijua wewe pia. Bila kitambulisho hicho cha ukaazi hupiti kizuizi hata kimoja cha askari, na kutoka hapa Riyadh hadi Jeddah ni kilomita mia tisa na hamsini. Nayef, bosi wako mpya, angekuja kesho na wenzake wawili, wangekungoja, wangechoka, wangeenda kuwinda bila wewe. Wewe ungeifuata kazi ya Jeddah wiki ijayo kwa basi, kama watu wengine. Hesabu safi. Kisha jana nikakukuta umepiga magoti, unachungulia chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Ukaniuliza kwa adabu, "Baba, hujaiona ikama yangu?" Nikakujibu, "Sijaiona." Ukasema, "Sawa baba, pole kwa usumbufu." Mimi ndiye mwizi, na wewe ndiye unayenipa pole.

Huo ni uwongo wangu wa pili mkubwa kwako. Wa kwanza una miaka minane, na ndio umenikalisha hapa kuandika.

Nimeegesha gari mbele ya kliniki ya meno, huku Malaz, madam amemleta binti yake. Amesema saa moja. Nimemwendesha miaka minane na najua saa moja yake ni mawili na robo, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Karatasi nimezichana kwenye daftari la hesabu la mtoto, ndiyo maana zina vijumba. Ningekuambia haya kwa mdomo, lakini juzi tulijaribu na unakumbuka tulivyomalizana.

"Baba, wewe unaogopa kila kitu."

"Siogopi. Nahesabu."

"Ni dhabu tu, baba. Si simba. Mjusi."

"Najua dhabu ni nini. Nimewaona kabla hujabalehe."

"Basi shida iko wapi? Nayef si kama mabosi wengine. Huyo ni boyz wangu kabisa. Hata chakula tunakula sinia moja."

Ulipotaja sinia nikachukua ndoo nikashuka kuosha gari, nawe ukadhani umenishinda. Sikushindwa. Nilikumbuka kwamba mimi pia nimekula sinia moja na Nayef huyo huyo.

Mambo ya kawaida sitakuambia. Maji, chaja, kofia, kumpigia mama yako ukifika, hayo umeyajua bila mimi. Umekuwa mtu mzima nikiwa mbali. Nimepiga hesabu: tangu nilipoondoka Mwingi ukiwa na miaka tisa hadi ulipotua uwanja wa ndege wa hapa, likizo zote nikizijumlisha, tulikaa pamoja siku mia mbili na kumi na saba. Hapa Riyadh, katika chumba chetu cha juu ya gereji, tumekaa siku mia moja na kumi na nane. Kwa hiyo chumba hiki chenye feni mbovu ndicho nyumba yetu, mimi na wewe. Kesho unatoka nyumbani. Sikutaka utoke hivi.

Kwanza nikubali jambo moja, usije ukasema baba anaona mabaya tu. Una jicho. Nilikuwa chini nikiosha gari siku ile mlipokuwa juu ya paa na bunduki ya upepo, mkilenga mikebe ya maziwa. Sikuwaona, nilisikia tu. Nayef alipiga sita, mkebe ukalia mara mbili. Wewe ulipiga sita, ukalia mara tano. Halafu wakapiga makofi. Nilisimama na sifongo mkononi nikajivuna, sitakuficha. Nikakumbuka ulivyokuwa na manati ukiwa mdogo, unalala kifudifudi pembeni mwa shamba la mahindi kuwangoja wale kindi wanaochimba mashimo na kufukua mbegu. Nyanya yako aliniambia kwenye simu, "Mwanao amelala pale tangu asubuhi kama maiti, na kindi akitokeza kichwa tu, basi." Wewe hukuwahi kukosa subira. Ndiyo maana wanakutaka. Dhabu naye ni hivyo hivyo: jua likipanda kidogo anatoka shimoni, anakaa mlangoni kuota joto, na akiona kivuli chako anarudi chini. Anahitaji mtu wa kungoja. Wale vijana hawana subira. Wanamtafuta mtu mwenye nayo.

Sasa nisikilize.

Mwaka uliokuwa darasa la nane nilikuwa bado Jeddah, kule Al-Nuzha, dereva wa baba yake Nayef. Wakati huo nilikuwa na miaka mitano kazini. Nilikuja nikiwa fundi wa breki niliyejifunza kwa kutazama, sikusomeshwa na mtu, na katika miaka hiyo mitano sikuwa nimekwaruza gari hata mara moja. Nayef alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa kijana mchangamfu, ananiita mjomba akiwa na furaha na sawwag, yaani dereva, akiwa amekasirika, na mimi niliitika yote mawili.

Ijumaa moja, mvua zilikuwa zimepita na jangwa limeota majani kidogo, akaniambia, "Yalla, Musyoka, leo twende tukawinde dhabu." Akaja na marafiki wawili. Nikaendesha masaa matatu, tukavuka milima, tukafika kwenye tambarare. Bunduki ilikuwa ya mzee, baba yake, ya risasi za kweli, si ya upepo. Ilikuwa na karatasi zake halali, lakini karatasi zilikuwa na jina la mzee, na mzee hakujua kwamba imetoka nyumbani. Hilo mimi sikuliuliza. Andika kosa la kwanza: sikuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kungoja, na nikingoja huwa nahesabu. Walipiga risasi thelathini na nne, wakapata dhabu tisa. Waliwachoma mkia, tukala, na mimi nikala. Ni nyama nyeupe, inafanana na kuku aliyelishwa mchanga. Walicheka nilipowaambia hivyo. Nilijisikia mtu. Miaka mitano nilikuwa nakula jikoni peke yangu, na siku hiyo nilikaa nao kwenye mkeka mmoja, nikasimulia habari za Mwingi, wakaniuliza kama kwetu kuna tembo. Usidhani sielewi unachokisikia ukikaa nao. Nakielewa kuliko wewe.

Tulipokuwa tunafunga mizigo tukaona vumbi mbali. Gari la doria. Vumbi likihama upande mmoja linapita, likikua bila kuhama linakujia. Hili lilikuwa linakua. Nilikisia dakika nne.

Nayef alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, bunduki mapajani. Nilimwona uso ukibadilika. Hakuwa anamwogopa askari, Mutua, alikuwa anamwogopa baba yake. Akanyosha mkono akasema, "Imsik, ya Musyoka. Imsik." Shika.

Nikashika.

Nataka ujue nilivyoshika, maana nimelifikiria hili kwa miaka minane. Nilishika kwa mikono miwili na nikainama kidogo magotini. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na ndivyo alivyokufundisha wewe: kitu anachokupa mkubwa hakipokewi kwa mkono mmoja. Nayef alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi thelathini na sita. Lakini mwili wangu haukuuliza miaka. Ulikuwa umezoea. Mfuko wa sokoni, shika. Mtoto aliyelala, shika. Viatu vya mzee msikitini, shika. Miaka mitano mikono yangu ilikuwa inapokea kabla kichwa hakijajua kinachopokelewa. Mwarabu asingefanya hivyo. Mwenzetu aliyeshuka ndege jana asingefanya hivyo. Ni sisi tuliokaa na tukasifiwa kwa adabu ndio tunaoshika.

Askari walikuwa wawili. Mmoja mzee mzee, hakuwa mkali. Akanitazama na bunduki mkononi, kisha akawatazama wale vijana watatu wenye kanzu safi. Akasema, "Bunduki ya nani?"

Rafiki mmoja wa Nayef akajibu, "Ya dereva."

Yule askari hakuamini. Niliona kwamba hakuamini. Akanigeukia mimi, akaniuliza polepole kama mtu anayekupa nafasi ya kujisahihisha, "Ni yako?"

Nikamtazama Nayef. Nayef alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasema, "Aiwa."

Umeelewa? Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitisha. Niliulizwa kwa upole na nikasema ndiyo. Watu wakisimulia habari za huku husema walisingiziwa. Mimi nilijisingizia mwenyewe, tena kwa hesabu. Nilipiga hesabu pale pale, kwa sababu ndivyo nilivyo: nikimfunika kijana, mzee atapigiwa simu, atakuja, atamwambia mkuu wa kituo huyu ni mtu wangu, masaa mawili nimetoka. Na baada ya hapo nitakuwa nimewawekea familia nzima deni la heshima. Nilijiona mjanja. Nilidhani nanunua kitu.

Masaa mawili yakawa siku sabini na moja.

Mgeni aliyekutwa na bunduki si jambo la kumalizwa kwa simu. Mzee alipigiwa, na akasema anahitaji kuuliza nyumbani kwanza. Akauliza nyumbani. Nadhani unajua alichojibiwa, maana hakurudi kuniuliza mimi. Nilikaa chumba kimoja na watu ishirini na sita. Palikuwa na Mkenya mmoja, Wafula, mlinzi kutoka mtaa wa Al-Mahjar wa huko Jeddah, aliyekamatwa kwa sababu ya jenereta la wizi ambalo bosi wake alimwambia alilinde. Siku ya kwanza akaniuliza, "Wewe umeletwa na nini, mzee?" Nikamwambia bunduki ya kuwindia mijusi. Chumba kizima kikacheka, hata Wabangladeshi waliotafsiriwa walicheka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Komando. "Komando, leo umeua mijusi mingapi?" "Komando, mlango ule pale, tutoe." Nilicheka nao. Kisha siku moja Wafula akaniambia, bila kucheka, "Komando, hebu angalia humu ndani. Hakuna mwizi hata watatu. Wengine wote tumeshikishwa kitu."

Sasa ule uwongo wa kwanza. Siku ya thelathini na nane nyanya yako akafariki. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Mlinitafuta kwa simu ambayo ilikuwa kabatini mwa askari. Mlimweka siku sita mochari kunisubiri mimi, mama yako aliniambia baadaye, kisha wajomba wakasema basi, mtoto asimame mahali pa baba. Ukasimama wewe, na sare ya shule, miaka kumi na minne, ukatupa udongo wa kwanza. Nilipotoka nikapiga simu, ukaichukua wewe. Hukunisalimu. Uliniuliza, "Baba, ulikuwa wapi?"

Nikakuambia nilipelekwa kwenye shamba la ngamia la bosi, jangwani, hakuna network.

Ukasema, "Siku sabini?"

Nikasema, "Jangwa ni kubwa, mwanangu."

Hujawahi kuniamini. Nimeliona hilo kila likizo. Najua mlidhani kuna mwanamke. Mama yako aliniuliza mara moja tu, jina lake nani, nikakasirika kama mtu mwenye haki. Ningewaambia jela, mngeniuliza kwa kosa gani, na ningelazimika kusema: kwa kosa la kusema ndiyo. Afadhali mwanamke. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Leo naona bora mngejua. Mngelia mara moja mkanyamaza. Wewe umelibeba miaka minane, na sasa unamtafuta rafiki kwa mtu ambaye hujui alinifanya nini.

Siku ya sabini na moja mzee alikuja kunitoa. Sijui alizungumza na nani. Nilitoka nimekonda, suruali naishika kwa mkono. Akaniambia, "Mshukuru Mungu, Musyoka, wengine hapa wanarudishwa kwao." Nami, mwanangu, nikambusu bega. Nikasema shukran mara tatu. Nayef alikuwa kwenye gari, kiti cha nyuma, amevaa vipokea sauti masikioni. Mwezi huo huo nikahamishiwa hapa Riyadh kwa ndugu wa mzee. Walisema ni kwa faida yangu. Ningeweza kudai niende nyumbani, lakini pasipoti ilikuwa kwenye droo ya mzee, na wewe ulikuwa unaingia kidato cha kwanza. Nikahama. Halas, nikasema, yamekwisha. Na kweli yalikuwa yamekwisha, hadi mwezi jana.

Mwezi jana Nayef akaja kumtembelea ami yake, akakuona, mkaenda kwenye paa na mikebe. Alipotaka kuondoka akashuka hadi gereji. Ana ndevu sasa, ana mke, ana miaka ishirini na saba. Tangu nihamie hapa amekuja mara kumi na moja, na kila mara huniletea tende, na kila mara huniwekea juu ya boneti badala ya kunipa mkononi. Siku hiyo akaweka tende akasimama.

"Mwanao ana jicho, ya Musyoka."

"Ni la mama yake."

Akacheka kidogo. "Nipe aje Jeddah, awe dereva wangu. Nitamwangalia."

Nikasema inshallah. Akafuta vumbi kwenye kioo cha pembeni kwa kidole. Nilidhani atasema kitu. Akasema, "Nitamwangalia, wallahi," akaenda.

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Huenda ndilo ombi lake la msamaha, ameshindwa kulisema kwangu akataka kukulipa wewe. Yeye pia alikuwa mtoto siku ile, na mtu anayeogopa baba yake hufanya mambo. Au huenda haikumbuki kabisa, na anatafuta dereva mwenye subira na mikono mizuri. Sijui. Ningekuwa najua, ningekuwa nimelala juzi na jana. Nikikuambia ni mtu mbaya nitakuwa nakudanganya mara ya tatu. Ninachojua ni kimoja: vumbi likitokea, mtu huwa na dakika nne, na dakika nne hazitoshi kuwa mtu mwema kama hukuanza mapema.

Nimekaa na ikama yako siku moja na nusu. Leo, kabla ya madam kutoka, nilimwona mzee wa hapa akifungua droo yake kutafuta wembe, na pasipoti yangu ilikuwa mle, chini ya betri kuukuu. Imekaa mle miaka minane, hutoka siku za likizo tu. Wala hanichukii. Akiulizwa atasema ananihifadhia. Na mimi nilikuwa mlangoni na ikama yako mfukoni, nakuhifadhia. Niliona aibu ambayo sikuiona hata kule ndani na watu ishirini na sita. Utaikuta ndani ya karatasi hizi, nitaziweka chini ya mto wako. Hakuna atakayekuzuia, mimi wala kizuizi.

Ukitaka kubaki, sema tumbo linauma. Nitakuunga mkono, nitasema nimekusikia ukitapika. Nimeshakuwa hodari wa uwongo, mmoja zaidi si kitu. Lakini nakujua, hutabaki. Una miaka ishirini na miwili na umepigiwa makofi. Basi nenda. Walenge dhabu wako, jicho ni lako, Mungu alikupa wewe, si wao. Lakini ukimaliza kupiga, bunduki irudi mkononi mwa mwenyewe hapo hapo, hata kama anasema iweke tu hapo. Uliza karatasi zina jina la nani, uliza kabla gari halijatoka Riyadh, na ukiona wanatazamana, shuka. Na ukiulizwa na mtu yeyote mwenye sare kama ni yako, sema hapana. Usimtazame Nayef kwanza. Hapo ndipo nilipoangukia mimi: nilitazama kwanza.

Najua utasema ni rahisi. Si rahisi. Hujawahi kukataa kitu ulichonyoshewa na mkubwa tangu uzaliwe. Nimekutazama siku hizi mia moja na kumi na nane: hata takataka madam akikunyoshea unapokea kwa mikono miwili. Tulikulea vizuri, na ninaogopa tulivyokulea. Neno la karatasi halitafika mikononi kwa wakati. Mikono inahitaji kufanya mara moja ndipo ijue inawezekana.

Kwa hiyo tutafanya. Kesho wakipiga honi nitashuka na chupa ya chai, chai ya maziwa na tangawizi kama ya mama yako, nitaipika mwenyewe. Nitakuja hadi mlango wa gari, mbele ya Nayef na wale wawili, nitakunyoshea na kusema, "Shika, mwanangu." Usishike. Tia mikono mfukoni uniambie, "Hapana, baba," kwa sauti ya kusikika. Watashangaa. Labda watacheka, mtoto gani anamkatalia baba yake chai siku ya safari. Waache wacheke, na Nayef atazame vizuri. Kisha nitakusukumia tena, na nitafanya kama nimekasirika, kwa sababu wao pia watakusukumia mara ya pili, na ya pili ndiyo huwa ngumu. Nitasema, "Mutua, nimesema shika." Kataa.

Itakuuma na itaniuma. Sijawahi kukupikia chai ya safari hata siku moja. Ile ya Mwingi alikupikia mama yako, mimi nilikuwa huku. Lakini ukiipokea, kwa mkono mmoja au miwili, nitajua umekwenda kama nilivyokwenda mimi, na sitakuwa na la kufanya ila kusimama getini na kuhesabu siku.

Mara mbili nitakunyoshea. Mara mbili ukatae, mwanangu, nami nitaichukua chai yangu nirudi nayo ndani nikijua una mikono yako.

Baba yako,
Musyoka